Tunakaa Huko Mbele Tu

Kwao walimwita Redio, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa msusi. Vichwa vyote vya wanawake wa mji ule mdogo vilipita mikononi mwake, na habari iliyoingia na kichwa cha asubuhi ilitoka na kichwa cha mchana, imechanwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Hakuwa mwongo, tusimsingizie. Alikuwa tu mtu ambaye neno likifika kwake halipati pa kulala.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na kipara cha tangu ujana. Mji wao ulikuwa na lifti moja, ya hospitali, na Fundi alikuwa ameitengeneza vizuri mno, ikawa haiharibiki tena. Mtu anayetengeneza vitu visiharibike atakula nini? Basi akapata kazi jiji kubwa, ambako lifti zipo kila kona na zote mbovu, wakafunga mizigo. Mabinti zao wawili wakabaki kwa bibi yao, mama yake Fundi, "mpaka mama yenu apate mlango," kama bibi alivyowaeleza. Tangu hapo yule mdogo akipewa simu hakuuliza habari wala zawadi.

"Mama, umeshapata mlango?"

"Bado, mwanangu. Natafuta."

"Hapa kwa bibi ipo mingi. Nikuletee mmoja?"

Kisha bibi alichukua simu. "Mkwe wangu, sikuharakishi. Ila shule zikifunguliwa watoto wakiwa bado hapa, nawaandikisha hapa hapa. Mtoto hasomei kwenye begi."

Hapo ndipo Redio alipoanza kutafuta nyumba kama mtu aliyepoteza kitu chake.

Walikuwa wamefikia kwa wifi yake, dada wa Fundi, mshika fedha wa duka kubwa, aliyekaa na mumewe katika chumba na sebule. Wageni walilala sebuleni, juu ya godoro ambalo mchana lilisimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa. Godoro halikulazwa mpaka shemeji amalize kutazama mpira, na shemeji alikuwa mpenzi wa ligi za nchi zote, hata zile ambazo wenyewe hawazitazami. Mechi ikienda muda wa nyongeza, ndoa ya watu ilisubiri penalti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi wa kwanza wifi alipona kabisa. Mwezi wa pili akaanza kuumwa tena. Hakusema neno baya, maana alikuwa mtu wa heshima, ila sukari iliyokuwa ikikaa mezani ilihamia kabatini, na kutoka kabatini ikahamia chumbani. Redio alizijua nyumba za watu. Ikishahama sukari itahama sabuni, na ikishahama sabuni watahama wageni.

"Wifi, nyumba mmeziona?" aliuliza mwenyeji siku moja, akikoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

"Tunaziona nyingi tu, wifi. Zenyewe ndizo hazituoni."

Dalali waliyempata alikuwa mwanamume wa viatu vilivyochongoka na simu mbili zilizokuwa zikilia kwa zamu. Kila alipowaonyesha nyumba alidai kwanza pesa yake ya miguu, kwa sababu, alisema, miguu nayo inakula.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na kila kitu. Ilikuwa karibu na kila kitu kwa sababu ilikuwa chini ya ngazi: mtu alikuwa ameziba ile nafasi ya pembeni ya ghorofa, akatia mlango, akaiita chumba cha kisasa. Fundi aliingia ameinama, akazunguka ameinama, akatoka ameinama, na hakunyooka mpaka walipofika barabarani.

"Unaonaje?" Redio alimwuliza.

"Si mbaya," alisema Fundi. Hivyo ndivyo alivyosema juu ya vitu vyote.

Dalali akataja kodi. Redio akamwomba arudie, labda gari lililopita lilikuwa limeongeza kitu.

"Hiyo ni ya mwaka?"

"Ya mwezi, dada yangu. Unatanguliza nusu mwaka."

"Kulala chini ya miguu ya watu?"

"Dada, unalipia mahali. Ngazi ni bahati tu."

Nyumba ya pili alisema iko umbali wa kutupa jiwe. Walikwenda mpaka redio ya gari ikapoteza mawimbi, ikabaki inakwaruza. Redio akamkumbusha habari ya jiwe.

"Inategemea nani anatupa," alisema dalali.

Nyumba ya tatu ilikuwa nzuri kweli. Vigae, dirisha pana, jiko lenye sinki linalopitisha maji kwenda kunakotakiwa. Mwenye nyumba, mzee mwenye miwani na funguo nyingi kiunoni, aliwauliza maswali akiwa amesimama mlangoni kwa namna ambayo hata upepo usingeingia.

"Mnapika?"

"Tunapika, mzee."

"Kila siku?"

"Ndiyo tulivyozoea."

"Watoto wangapi?"

"Wawili tu. Wa kike."

"Wanalia?"

Redio alifikiri. "Wakiumia."

"Basi watafutieni mahali pa kuumia," alisema mzee kwa upole, akafunga. Dalali alichukua pesa yake ya miguu, akasema nyumba ile kwa kweli ilikuwa na unyevu.

Wakati huo Redio alikuwa amepata kiti katika saluni moja ya katikati ya jiji, chini ya ghorofa la maofisi, na pale aligundua jambo. Jijini kila kichwa kinazungumzia kodi. Wengine huanza kabla hawajakaa. Wavumilivu hufika mstari wa tatu. Dada wa benki, karani wa mahakama, mwalimu wa chuo, wote ukiwagusa utosi tu unawatoa habari ya mwenye nyumba. Kwa hiyo alipokuja mwanamke mmoja, mwuza mayai ya jumla, akasukwa kichwa kizima kutoka paji la uso hadi kisogoni asitaje kodi hata mara moja, Redio alisimamisha mikono.

"Dada, samahani. Wewe unakaa wapi?"

"Huko mbele tu."

"Mbele wapi?"

"Mbele mbele."

"Dada yangu," Redio akainama karibu na sikio, "mimi nina watoto wawili wako kwa bibi yao, nalala chini ya mpira wa shemeji, na sukari imeshaingia chumbani."

Mwuza mayai alikuwa na moyo. Hilo la sukari lilimfika. Akatazama huku na huku.

"Nikikwambia utanyamaza?"

"Mimi? Mimi kaburi."

"Sisi kule hatusemi tunakokaa. Hata kazini. Ukiulizwa, unasema huko mbele tu. Mtaa ukishasemwa, ndugu yangu, umekwisha."

"Kaburi, nakwambia. Kaburi lenye saruji."

Mtaa wenyewe ulikuwa nyuma ya matangi ya maji ya jiji, yale makubwa ya zege ambayo kila mtu anayaona na hakuna anayefikiri kuwa yana nyuma. Njia ilipita pembeni ya ukuta, ukadhani umepotea, kisha ukatokea kwenye nyumba za chini zenye vibaraza, nguo kwenye kamba, wanawake wakichagua mchele na kuwajadili wasiokuwepo. Redio alisimama akanusa. Alijiona yuko nyumbani.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye nywele nyeupe nyingi mpaka mabegani. Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, jiko, kibaraza, na bomba mbele ya nyumba. Alifungua bomba, maji yakatoka. Alifunga, yakaacha kutoka. Redio alikuwa amekaa jijini muda wa kutosha kujua kwamba hilo ni jambo la kuonyesha wageni. Kodi aliyotaja ilikuwa chini ya nusu ya ile ya ngazini.

"Aliyemo anahama mwisho wa mwezi," alisema Mkunga. "Ukitaka, ni vyako. Mimi sina mambo ya karatasi. Nimezalisha nusu ya mtaa huu, sijamwandikisha mtu. Mdomo wako unatosha."

"Mdomo wangu unatosha, mama," alisema Redio, na hapo alisema kweli kuliko alivyojua.

Hakukusudia. Aliyemponza alikuwa dada wa benki, mwenye nywele nyingi kama msitu, kazi ya kutwa nzima, na kutwa nzima ni ndefu. Dada alilia machozi kabisa: mwenye nyumba wake alikuwa amepandisha tena. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Redio alimwambia yeye peke yake. Kesho yake alimwambia karani wa mahakama, naye peke yake. Baada ya hapo alikuwa akiwaambia peke yao watatu wanne kwa siku, wakiwa wamepangwa chini ya draya, na kwa kuwa aliye chini ya draya hasikii vizuri, ilibidi apaze sauti.

Alipokwenda kumsalimu Mkunga na kupima madirisha ya mapazia, alikuta magari matatu yameegeshwa kando ya ukuta wa matangi. Wanawake wenye viatu virefu walikuwa wakitembea juu ya mawe kama kuku wanaovuka tope. Dalali wa viatu vilivyochongoka alikuwepo pia, akiwaonyesha bomba.

Mkunga alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akampa maji, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, soko limepanda."

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Ila juzi amekuja mtu akanipa mara mbili, jana mwingine mara mbili na nusu, na wote wanapiga picha bomba langu. Mimi ni mtu mzima. Sijawahi kupigwa picha bomba. Yule wa mara mbili na nusu ndiye ninayemfikiria, akishaamua."

Mwuza mayai alikuwa amesimama kibarazani kwake na trei mbili mikononi. Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia.

"Kaburi," alisema. "Kaburi lenye saruji. Hata mimi mwenye nyumba wangu ameanza kunisalimia kwa jina la ukoo. Ujue hapo anapandisha."

Redio alirudi kwa wifi, akalala chini ya fainali ya nchi fulani ya baridi, akawaza. Dawa ya moto ni moto, wahenga walisema. Mdomo ulikuwa umejaza mtaa. Mdomo ungewaondoa watu.

Dada wa benki alirudi kutengeneza kisogo, na alikuwa na furaha. "Kuna nyumba kule kwako nyuma ya matangi nimeipenda. Bomba lake we acha tu. Nahamia."

Redio akanyamaza. Redio akinyamaza, saluni nzima husikia.

"Nini?" aliuliza dada wa benki.

"Hakuna."

"Umeona nini kichwani?"

"Sijaona kitu. Nywele zako nzuri kabisa." Akazipitisha mkononi polepole, kama anayeaga msafiri. "Hivi yale maji ya kule ulishawahi kuogea?"

"Bado. Yana nini?"

"Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Mimi msusi tu. Ila ningekuwa na nywele kama hizi, kabla sijahama ningezipiga picha."

Chini ya draya, vichwa vitatu vilitoka kwa pamoja kama kobe.

Watu wamwamini nani juu ya nywele kama si msusi? Wiki haikuisha, magari yakaisha kwenye ukuta wa matangi. Mwuza mayai alitokea saluni amefunga kilemba hadi kwenye nyusi, Redio akashtuka.

"Umenyonyoka?"

"Sijanyonyoka. Nasaidia. Mtaa mzima tumefunga. Gari geni likiingia, tunajikuna."

Mkunga naye alimpigia simu mwenyewe. Wateja wake walikuwa wamekimbia wote, hakujua wana nini watu wa siku hizi. "Kwa bei yetu ile ile, mwanangu, kama huogopi." Redio alisema haogopi, ana mawigi. Aliyekuwemo alikuwa ameshahama, na siku hiyo hiyo Redio akapokea funguo. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ifuatayo. Akapiga simu kwa mama mkwe, moyo juu kama bendera.

"Mama, tumepata."

"Nimesikia," alisema mama mkwe. "Nasikia mnahamia kwenye maji ya sumu."

Redio alikaa kwenye godoro, ambalo lilikuwa bado limesimama, akateleza nalo mpaka chini.

"Nani kakwambia, mama?"

"Binti yangu. Kaambiwa na mteja dukani. Shoga yake huyo mteja kanyonyoka mpaka nyusi. Akavaa wigi, wigi nalo likanyonyoka."

"Wigi linanyonyokaje, mama?"

"Waniuliza mimi? Mimi nimesomea maji? Wajukuu zangu hawaji huko. Wana nywele nzuri, wamechukua kwa upande wangu."

Neno lilikuwa hapo mdomoni: nimelitunga mimi. Maneno manne hayafiki. Lakini Redio alimjua mama mkwe wake. Yeye alikuwa redio ndogo ya betri. Mama mkwe ndiye mtambo wenyewe. Likisemwa kwake mchana, jioni dalali analo, kesho magari yamerudi na mlango umekwenda. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, Redio alimeza neno, na aliliona linavyoshuka, gumu kama mbegu ya tende.

Alimpa simu Fundi. Fundi hasemi, na mtu asiyesema anaaminika.

"Mama," alisema Fundi. "Maji hayana neno."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe mwenye kichwa kama yai? Mwanangu, wewe si shahidi. Wewe ndiwe ushahidi."

Fundi alijaribu kumkumbusha kwamba kipara chake kilianza zamani, tena kwa maji ya kwa mama yake huyo huyo. Hilo halikusaidia. Alimrudishia mkewe simu, na upande wa pili sauti ilikuwa imebadilika, ndogo.

"Mama, umepata mlango?"

"Nimeupata, mwanangu."

"Bibi anasema ni mlango mbaya. Basi sisi tusije?"

Redio alitazama ukuta. Wifi, aliyekuwa anapita na kikombe, alisimama.

"Mpe bibi yako simu," alisema Redio. Kisha: "Mama, njoo nao. Njoo uone kwa macho yako. Ukiona umenyonyoka hata unywele mmoja kichwani mwa mwanangu, rudi nao wote, mimi sitafungua mdomo."

"Wewe? Usifungue mdomo?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo nalo," alisema mama mkwe, "ningependa kuliona kabla sijafa."

Walifika Jumamosi. Redio alikuwa amedeki vyumba mpaka sakafu ikakosa rangi, ametundika mapazia, ameweka meza, na juu ya meza sukari. Mtaa mzima ulikuwa vibarazani kusaidia kupokea, maana mgeni wa mmoja ni wa wote. Walitokea kwenye kona ya ukuta: mama mkwe mbele na begi kubwa kichwani, Fundi nyuma na mabegi mengine matatu, na katikati mabinti wawili, wamevaa nguo za kusafiria, wanang'aa vichwa. Walikuwa wamenyolewa. Si kupunguzwa, wamenyolewa kwa wembe mpaka ngozi, vichwa vimepakwa mafuta, mmoja ukimweka pembeni ya mwingine na baba yao nyuma, ungesema wametoka kiwanda kimoja.

Redio, msusi, mwana wa msusi, alishika nguzo ya kibaraza.

"Mama. Umewafanya nini?"

"Kisichokuwepo hakinyonyoki," alisema mama mkwe, akatua begi. "Ulisema nikiona unywele mmoja umenyonyoka niwarudishe. Nikapiga hesabu ya nauli, nikaona bora usiwepo wa kunyonyoka." Akajifuta jasho, hakumtazama mkwewe. "Mdogo alikuwa analala na begi lake kila siku. Ningefanyaje?"

Wakati huo gari moja jeupe lilikuwa limeingia taratibu kando ya ukuta, dalali akiwa mbele, nyuma yake mume na mke wenye sura za maofisini, wale ambao bado walikuwa hawajasikia, au wamesikia wakapuuza. Gari lilisimama. Mke alishusha kioo. Akawaona wanawake wa mtaa mzima wamefunga vilemba. Akamwona Fundi. Akawaona watoto wawili wanachota maji bombani, vipara vyao vinameremeta juani. Kioo kilipanda. Dalali alionekana akieleza kitu kwa mikono yote miwili mpaka gari lilipopotea kinyumenyume.

Mkunga alikuwa ametoka kuwaona wapangaji wake. Aliwaangalia watoto, akaangalia bomba, akapeleka mkono kwenye nywele zake nyeupe, akazivuta kidogo, kwa kujaribu.

"Mwanangu," alimwambia Redio kwa sauti ya chini, "ile kodi ya miezi ya mbele, tuipunguze kidogo. Mtu asije akasema sikuwaambia."

Redio alifungua mdomo. Mwuza mayai, kutoka kibarazani kwake, alimtazama. Mama mkwe naye alimtazama. Redio akaufunga.

"Asante, mama," alisema.

Yule mdogo hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameufungua mlango, akaufunga, akaufungua. Ulikuwa mlango wa mbao tu, umepakwa rangi ya kijani zamani, unalia kwenye bawaba.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huu."

"Unalia."

"Baba yako ataupaka mafuta."

Fundi aliusukuma kwa kidole, akausikiliza kama anavyosikiliza lifti. "Si mbaya," alisema.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameshavua viatu, amekagua jiko, amehamisha sufuria mbili, na sasa alikuwa anafungua lile begi kubwa, ambalo lilikuwa na nguo za misimu yote.

"Mama, unakaa siku ngapi?" aliuliza Redio.

"Mpaka ziote," alisema mama mkwe. "Ziote zote, nizione zimefika hapa," akagusa bega. "Nani atawaangalia ukiwa saluni? Tunywe chai jamani. Sukari iko wapi?"

Sukari ilikuwa mezani. Redio aliitazama kidogo, kisha akaenda kuchemsha maji, akaiacha pale pale.